Jalada Lenye Picha, Jalada Lisilo na Majina: Historia ya Kuunda Upya Majalada ya Santuri na Funzo Lake kwa Mwambao wa Rumonge

Ikisiri

Kuunda upya jalada la albamu mashuhuri kwa kamera na programu ya kuhariri picha ni zoezi ambalo wengi hulichukulia kuwa mchezo wa vijana. Makala hii inalichukulia kuwa suala la kihistoria na la kisera. Kwa kufuatilia safari ya ngoma za Burundi kuanzia rekodi ya mwaka 1967 hadi jalada la bendi ya Bow Wow Wow la mwaka 1981, makala inaonesha kwamba katika kazi hiyo moja minyororo miwili ya uigaji ilikutana. Mnyororo wa picha ulihifadhi jina la kila msanii tangu karne ya 16, ilhali mnyororo wa sauti ulipoteza majina ya wapigaji tangu hatua zake za mwanzo. Makala inahitimisha kwa mapendekezo yanayohusu majina, idhini na uhifadhi wa picha katika mwambao wa Rumonge, ambako mahamisho ya mwaka 1972 yamezipa kumbukumbu uzito wa pekee.

Maneno msingi: jalada la albamu, uhariri wa picha, ngoma za Burundi, Rumonge, hakimiliki

1.0 Utangulizi

Mtaalamu wa picha anayetaka kuunda upya jalada la zamani huanza kwa kulichunguza jalada lenyewe. Hupima kimo cha kamera, umbali kati ya watu na mandhari, upande unakotoka mwanga, na rangi zilizofifia kwa kukaa miaka mingi. Kisha hupiga picha mpya na kuipeleka kwenye programu ya kuhariri, ambamo sehemu za picha hupangwa kwa matabaka ili kila moja irekebishwe bila kuigusa nyingine. Kazi iliyohitaji chumba cha giza na mikono yenye uzoefu sasa inaweza kukamilishwa kwa simu ya mkononi.

Wepesi huo unaibua swali ambalo watunga sera wa eneo letu hawajalishughulikia ipasavyo: picha inapoundwa upya, ni nini kinachopaswa kuhamishwa pamoja nayo? Makala hii inajibu kwamba jambo la kwanza ni majina. Hoja hiyo inajengwa juu ya historia inayoihusu Burundi moja kwa moja, kisha inapelekwa Rumonge, mji wa bandari ulio kusini mwa Bujumbura, unaojulikana kwa mawese, kwa mukeke na ndagala wa Ziwa Tanganyika, na kwa jamii yake ya wazungumzaji wa Kiswahili.

2.0 Jalada kama hati ya kihistoria

Jalada lenye picha halikuzaliwa pamoja na santuri. Siti binti Saad aliposafiri kutoka Zanzibar kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, santuri za zama hizo ziliuzwa kwa kawaida katika mifuko ya karatasi isiyomwonesha msanii. Utambulisho wake ulikuwa kwenye lebo ya duara iliyobandikwa katikati ya sahani, ambako jina la mwimbaji liliandikwa. Hivyo mwanamke aliyezaliwa katika ufukara na katika ukoo uliobeba historia ya utumwa alijulikana kwa jina lake kote mwambaoni kabla wasikilizaji wengi hawajauona uso wake.

Jalada lenye mchoro maalumu lilianza kushika soko baada ya mwaka 1940, pale mbunifu Alex Steinweiss wa kampuni ya Columbia nchini Marekani alipoanza kuzipa albamu sura zake za pekee. Kufikia miaka ya 1960, jalada lilikuwa limegeuka kuwa sehemu ya kazi yenyewe. Mfano unaojulikana zaidi ni ule wa Abbey Road wa kundi la The Beatles. Tunajua kwamba picha hiyo ilipigwa tarehe 8 Agosti 1969, kwamba mpigaji wake, Iain Macmillan, alisimama juu ya ngazi katikati ya barabara huku polisi akizuia magari, na kwamba alipiga picha 6 tu. Mwaka 1993 Paul McCartney alipotoa albamu ya Paul Is Live, jalada lake liliundwa kwa kuifanyia kazi picha ya Macmillan kwa kompyuta: wanamuziki wanne waliondolewa na McCartney akawekwa barabarani pamoja na mbwa. Programu ya Photoshop ilikuwa na umri wa miaka 3 tu sokoni.

Jambo la kuzingatia hapa ni wingi wa taarifa. Juu ya watu wanne waliovuka barabara moja tunayo tarehe, jina la mpiga picha, mahali aliposimama na idadi ya picha. Taarifa hizo ndizo zinazowezesha jalada kuundwa upya kwa haki, kwa kuwa kila anayeliiga anajua anamwiga nani.

3.0 Ngoma za Burundi, 1967–1981

Taarifa za aina hiyo hazikuambatana na rekodi ya Burundi iliyosikika zaidi duniani. Mwaka 1968 lebo ya Ocora, iliyokuwa chini ya shirika la utangazaji la Ufaransa, ilitoa albamu iitwayo Musique du Burundi, iliyotokana na rekodi zilizofanywa nchini mwaka 1967 na Michel Vuylsteke. Pamoja na inanga, umuduri, indingiti na ikembe, albamu hiyo ilikuwa na kipande cha kikosi cha wapigaji ngoma 25.

Wakati wa kurekodi una maana kubwa. Tarehe 28 Novemba 1966 Michel Micombero alikuwa ameuondoa ufalme na kutangaza jamhuri. Katika Kirundi neno *ingoma* lina maana ya ngoma na pia ya ufalme. Mzungumzaji wa Kiswahili, ambaye kwake neno *ngoma* ni chombo, ni mchezo na ni sherehe, hana budi kuiongeza maana hiyo ya tatu ili aelewe kilichokuwa kikitokea. Wapigaji wale walirekodiwa wakipiga chombo ambacho mamlaka yaliyokipa heshima yalikuwa yamevunjwa miezi michache tu kabla.

Hakuna lolote kati ya hayo lililosafiri pamoja na sauti. Mwaka 1971 kipande kile kilitiwa magitaa na vinanda na mwanamuziki wa Ufaransa, Michel Bernholc, kikauzwa kwa jina la Burundi Black na kuingia katika orodha ya nyimbo 40 bora za Uingereza. Mwaka 1975 Joni Mitchell alizitumia ngoma za Burundi katika wimbo mmoja wa albamu yake The Hissing of Summer Lawns. Katika maelezo ya albamu hiyo ngoma zilitajwa kuwa ni za vita, ingawa zilikuwa za kifalme. Jalada lake lilionesha watu weusi waliobeba nyoka mkubwa mbele ya mandhari ya jiji, taswira isiyo na uhusiano na Burundi. Mwishoni mwa mwongo huo mfanyabiashara wa muziki Malcolm McLaren alilipeleka pigo hilo kwa vijana wa London. Adam and the Ants wakalitumia mwaka 1980, na bendi iliyoundwa na McLaren mwenyewe, Bow Wow Wow, ikajengwa juu yake.

Rekodi ya Burundi Black ilipotolewa tena mwaka 1981, mhakiki Robert Palmer aliandika katika gazeti la The New York Times kwamba waliotajwa kuwa watunzi walikuwa watayarishaji wa Ufaransa, na kwamba wapigaji wenyewe hawakuwa na fungu katika mapato. Hoja yake ilihusu mrabaha. Makala hii inaongeza kwamba mrabaha hauwezi kumfikia mtu ambaye jina lake halikuandikwa. Suala la fedha lilikuwa limeshaamuliwa tangu majina 25 yalipogeuzwa kuwa jina moja la nchi.

4.0 Picha iliyoundwa upya

Albamu ya kwanza ya Bow Wow Wow, iliyotoka mwaka 1981, ilitengenezewa jalada la picha lililoundwa kwa kufuata mchoro mashuhuri wa Édouard Manet wa mwaka 1863, Le Déjeuner sur l'herbe, uliohifadhiwa katika jumba la Musée d'Orsay mjini Paris. Mpiga picha Andy Earl aliwaweka wanabendi katika nafasi za watu wa Manet, kando ya maji, kwa mikao ileile.

Manet naye hakuianza mikao hiyo. Aliichukua kutoka katika chapa ya kuchongwa kwenye shaba iliyotengenezwa na Marcantonio Raimondi mwanzoni mwa karne ya 16, ambayo katika pembe yake ya chini wameketi miungu wawili wa mito pamoja na mwenzao wa kike. Raimondi naye aliichonga kwa kufuata mchoro wa Raphael. Basi picha hiyo ya 1981 ina nasaba ya vizazi vinne: Raphael, Raimondi, Manet na Earl. Takriban karne nne na nusu zinawatenganisha wa kwanza na wa mwisho, na hakuna hata mmoja aliyepotea njiani. Mwanafunzi yeyote wa historia ya sanaa anaweza kuitaja nasaba hiyo kwa mpangilio.

Ndani ya jalada hilo, hata hivyo, kulikuwa na sahani iliyobeba mnyororo mwingine wa uigaji. Pigo la ngoma lilikuwa limepita kutoka kwa wapigaji wa Burundi hadi kwa Vuylsteke, kutoka kwake hadi kwa Bernholc, na hatimaye kwa wapigaji wa London. Mnyororo huu ulikuwa na umri wa miaka 14 tu tangu kurekodiwa, lakini kiungo chake cha kwanza hakikuwa tena na jina. Picha ya karne nyingi ilikuwa na wenyewe, na sauti ya juzi ilikuwa haina mwenyewe. Sababu haikuwa urefu wa muda. Sababu ilikuwa taasisi: jumba la makumbusho, kitabu cha orodha, sheria ya hakimiliki na desturi ya kuandika vilikuwapo upande mmoja tu.

Jalada hilo linatoa pia funzo la pili. Mwimbaji wa bendi, Annabella Lwin, alikuwa na umri wa miaka 14, na aliwekwa katika mkao usiomstahiki mtoto. Mama yake alipinga, na polisi wa London wakafanya uchunguzi. Hifadhi ya majina ya wasanii wanne haikuwa kinga kwa mtoto aliyekuwa mbele ya kamera. Kwa hiyo nasaba ya picha peke yake haitoshi. Inahitaji kusimama pamoja na idhini halali ya wale wanaopigwa picha na, kwa watoto, ulinzi ambao hakuna sababu ya kisanaa inayoweza kuuondoa.

5.0 Mwambao wa Rumonge

Mtu anaweza kuuliza historia hii inaihusu vipi Rumonge, mji ambao si kitovu cha ngoma za kifalme. Ngoma hizo ni za nyanda za juu. Patakatifu pake panapojulikana zaidi ni Gishora, karibu na Gitega. Jibu lina sehemu tatu.

Kwanza, mwambao huu wenyewe uliingia katika historia ya picha za kuundwa upya mapema mno. Mwishoni mwa mwaka 1871 Stanley na Livingstone, baada ya kukutana Ujiji, walisafiri kwa mtumbwi kuelekea mdomo wa Rusizi kwa kuifuata pwani hii. Jiwe la Mugere, kati ya Rumonge na Bujumbura, linakumbusha safari hiyo. Mwaka uliofuata Stanley alipigwa picha katika studio mjini London akiwa na mavazi ya safari, pamoja na mtoto Kalulu aliyetoka naye Afrika, mbele ya mandhari ya kutengenezwa. Wanunuzi wa picha hizo waliiona Afrika iliyojengwa ndani ya chumba. Kwa hiyo desturi ya kuunda upya mandhari ya ziwa mbali na watu wa ziwa ni kongwe kuliko kompyuta.

Pili, taswira ya Burundi iliyosambazwa na santuri ilikuwa taswira ya nchi isiyo na tarehe. Mwaka 1971 Burundi Black ilichezwa katika kumbi za Uingereza. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulizuka kusini mwa Burundi, Rumonge na Nyanza-Lac zikiwa miongoni mwa sehemu za mwanzo. Watutsi wengi wa eneo hilo waliuawa, na ukandamizaji wa dola uliofuata ukawaua Wahutu kwa idadi kubwa zaidi kote nchini. Makumi ya maelfu walikimbilia Tanzania na kuishi Ulyankulu, Katumba na Mishamo kwa zaidi ya miaka 30. Takriban 162,000 walipewa uraia wa Tanzania, na wengine walirejea, hasa kuanzia mwaka 2008, wengi wao wakakuta mashamba yao ya mwambaoni yana watu wengine. Katika mazingira hayo picha ya familia si pambo. Ni ushahidi kwamba fulani aliishi, aliitwa hivi na alikuwa mtoto wa fulani. Kwa waliokimbia bila kubeba kitu, picha chache zilizosalia ndizo zinazopelekwa leo kwa mafundi wa kuhariri ili zisafishwe, zikuzwe au ziunganishwe.

Tatu, maelezo ya mahali yenyewe hayatulii. Rumonge ilikuwa wilaya ya mkoa wa Bururi hadi mwaka 2015, ilipofanywa mkoa. Mgawanyo mpya wa nchi katika mikoa 5 umeiweka ndani ya Burunga. Picha moja inaweza basi kuorodheshwa chini ya mikoa mitatu, na mtafiti wa kesho akadhani ni picha tatu za sehemu tofauti.

6.0 Kuunda upya kwa haki

Tuchukue mfano wa kufikirika. Mpiga picha kijana wa Rumonge anaamua kuunda upya jalada la rekodi iliyotumia ngoma za Burundi. Kiufundi, kazi yake inajulikana: atafute mwanga wa asubuhi unaolingana na wa asili, aweke kamera kwa kimo kilekile, awapange watu wake, kisha katika uhariri apunguze ukali wa rangi na kuongeza chembechembe za chapa ya zamani pamoja na alama ya mviringo ambayo sahani huiacha kwenye jalada lake.

Kihistoria, kazi yake ina maamuzi matatu mengine. La kwanza ni kama atayaandika majina ya waliosimama mbele ya kamera. Akiwaita kwa jina la jumla, atakuwa ameuiga mwaka 1971 kwa ukamilifu kuliko alivyokusudia. La pili ni kama atamtaja mwenye picha ya asili na kueleza wazi kwamba yake ni picha iliyoundwa. La tatu ni kama ataihifadhi picha ghafi, kabla ya kuhaririwa, ili badiliko lolote liweze kufuatiliwa.

Kuna wanaosema kwamba masharti haya yatafifisha ubunifu. Historia ya mwambao wetu haiungi mkono hofu hiyo. Mjini Lamu, Omar Said Bakor alitengeneza kwa miaka mingi picha za kuunganishwa, kwa mkasi na kwa chumba cha giza, akiwaweka watu ndani ya maua na mandhari zisizowezekana. Ubunifu wake ulikuwa huru kabisa, na bado studio yake inajulikana kwa jina lake. Jina halikumfunga Bakor, limetuwezesha kumsoma.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba sheria ipo tayari. Ni kweli kwamba Burundi ina sheria ya hakimiliki ya tarehe 30 Desemba 2005 na imejiunga na Mkataba wa Berne. Ni kweli pia kwamba mwaka 2014 UNESCO iliiingiza ngoma ya kifalme katika orodha ya urithi usioshikika, na kwamba amri ya mwaka 2017 iliyaweka maonesho ya ngoma chini ya idhini ya wizara, ikiwakataza wanawake kuzipiga. Lakini hatua hizo mbili za mwisho zinaulinda urithi kama mali ya taifa. Zinarudia, kwa nia tofauti, mantiki ileile ya jalada la zamani: ngoma ni za Burundi, na mpigaji ni mmoja wa Warundi tu. Urithi wa pamoja na haki ya mtu mmojammoja havipingani. Lakini hiki cha pili hakitokei chenyewe kwa kutangazwa kile cha kwanza. Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na haki ya kwanza ya mpigaji ni kutajwa.

7.0 Mapendekezo na hitimisho

Makala inapendekeza hatua nne. Kwanza, kila picha iliyoundwa upya kwa fedha za umma au kwa ajili ya maonesho iambatane na maelezo ya lazima: mwenye kazi ya asili, mpiga picha, mhariri, na majina ya waliopigwa, isipokuwa pale wenyewe watakapoomba yafichwe. Maelezo hayo yaandikwe ndani ya faili na pia kwenye chapa, kwa sababu faili hupoteza maelezo yake inapotumwa kwa simu. Pili, idhini iwe ya maandishi, katika lugha anayoielewa mhusika, na picha za watoto ziwe na masharti makali zaidi. Tatu, mahali paandikwe kuanzia ngazi ya kilima au mtaa, kwa kuwa jina la kilima hudumu kuliko mipaka ya mkoa. Nne, wizara inayohusika, kwa kushirikiana na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, isanifu istilahi za fani hii na iombe nakala za maandishi ya uwandani ya rekodi za 1967 kutoka kwa hifadhi za redio za Ufaransa, ili majina ya wapigaji 25 yatafutwe wakati bado wapo wazee wanaoweza kuwatambua.

Hatua ya mwisho ina dharura yake. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 wakati wa kurekodiwa amezaliwa mwaka 1947. Zana za akili unde sasa zinaweza kutengeneza sura za wapigaji 25 ambao hawakuwahi kuwapo, zikawekwa kwenye jalada na kuaminika. Sura hizo zikitangulia kusambaa kabla majina hayajapatikana, atakayekuja kuwatafuta wapigaji wa kweli atalazimika kwanza kuthibitisha kwamba waliwahi kuishi. Wakazi wa Rumonge waliorejea kutoka Tanzania na kutakiwa wathibitishe kwamba shamba lilikuwa la baba zao wanalijua vyema jukumu hilo. Sera njema ni ile itakayowapunguzia wengine mzigo huo, na inaweza kuanza na mstari mmoja wa maandishi chini ya picha.